Pingamizi Dhidi ya Ramu ya Posa

Ephraimu Munisi,
Duka la Misumari na Saruji,
Daraja Mbili,
Arusha.
Julai 1996

Kwa Meneja,
Hoteli ya Kifaru Mtulivu,
Arusha.

KUH: RAMU NYEUSI ILIYOINGIA NYUMBANI KWANGU LEMARA IKIJIFANYA MBEGE

Ndugu Meneja,

Nilitaka kukuita Bwana, kwa sababu hoteli yako imekwisha kubinafsishwa na sijui kama undugu uliuzwa pamoja na majengo au ulibaki serikalini. Lakini nilikuwa karani wa ushirika wa kahawa kwa miaka mingi kabla ya kupunguzwa, na mkono wangu ukishika kalamu huandika "Ndugu" wenyewe. Kama nimekukosea heshima, mwekezaji anisamehe.

Hatufahamiani. Nilikanyaga hotelini kwako mara moja tu, enzi zile ikiwa mali ya umma, tulipokuja kwenye semina. Tulipewa chai ya rangi na andazi, na choo kilikuwa kimefungwa kwa matengenezo. Siku hizi nasikia mlangoni kuna mlinzi anayevaa glavu nyeupe, na ndani kuna kaunta ya mbao ndefu kuliko benchi la wazee wa kanisa. Nyuma ya kaunta hiyo husimama kijana wako Loserian, mwenyeji wa Oldonyo Sambu. Ninakuandikia juu yake na juu ya chupa zake, nikiwa na akili timamu, saa nne asubuhi, dukani kwangu, na sijaonja kitu.

Mambo yenyewe ni haya. Kijana wako amemposa binti yangu Aikande. Jumamosi iliyopita alikuja Lemara na mshenga wake, na badala ya mbege yetu ya ndizi akaleta ramu. Ukoo wangu ukainywa, ukaimaliza, na posa ikapokelewa kwa vigelegele. Mimi ninaipinga. Sababu zangu nimezipa namba kama tulivyozoea ushirika, ili mtu asije akasema nimechanganya mambo. Aliyechanganya mambo ni mwajiriwa wako, tena kwa kikopo chenye kifuniko.

1. Kuhusu pombe kutengenezwa kwa mikono.

Sharti hili lilikuwa langu, sikatai. Mshenga, Mzee Yiamat, ambaye ni mjomba wa kijana, alipokuja kubisha hodi mara ya kwanza, nilimjibu kwa upole kwamba katika ukoo wetu mkwe haleti pombe ya kununua. Anaitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya wazee wa binti, nao wanaangalia kila anachotia. Ni sharti la kweli na babu zetu walilitumia. Ni kweli pia kwamba tangu tuhamie Arusha hakuna aliyelikumbuka, na wakwe zangu wawili wa kwanza walileta mbege ya kuagiza kwa mama mmoja jirani, tukanywa bila kuuliza swali. Mimi nililikumbuka siku ile ile aliyokuja Mzee Yiamat. Kumbukumbu huja zinapotakiwa.

Nilijua kwamba Mwarusha aliyekulia upande wa kaskazini wa Mlima Meru, kwenye ng'ombe na mahindi, hajawahi kuchemsha ndizi za mbege wala kuotesha ulezi. Sisemi hivyo kwa ubaguzi, nina marafiki wengi Oldonyo Sambu na wananidai salamu. Nasema kwa sababu mbege ina wakati wake. Ndizi zichemke, zikae, zichujwe, ndipo uji wa ulezi uingie, na ukikosea kidogo unapata kitu cha kuwapa nguruwe. Nilipiga hesabu kwamba kijana atashindwa, atarudi kwao kwa heshima, na tutaendelea kusalimiana.

Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeambiwa tu "anafanya kazi hotelini". Nikadhani anabeba mizigo ya Wazungu. Kumbe, Ndugu Meneja, mtu huyu kazi yake unayomlipia mshahara ni kusimama mbele ya watu wazima kutwa nzima na kutengeneza pombe kwa mikono yake huku wakimwangalia! Mtego nilioutega akauingia kwa miguu yote miwili, tena akiwa amechomekea. Alinawa mikono. Alitandika kitambaa cheupe juu ya meza yangu, akapanga ndimu, sukari, soda za tangawizi, barafu ndani ya chupa ya chai, na chupa nyeusi katikati. Kisha akawauliza wazee kama wote wanaona vizuri.

Wazee walivuta viti. Alipotikisa kile kikopo juu ya bega lake, shangazi yangu ambaye haoni vizuri aliuliza ni ngoma gani hiyo. Mzee mmoja wa ukoo akatamka hadharani kwamba tangu azaliwe hajaona sharti likitimizwa kikamilifu namna ile, na akanipongeza mimi kwa kulifufua.

2. Kuhusu kuonja.

Kijana huyu hanywi pombe. Najua utashangaa, kwa sababu nasikia watalii wanapanga foleni kwake. Kila anachotengeneza anakijua kwa pua na kwa kuangalia uso wa mteja. Kwa kanisa, hilo ni jambo jema. Kwa posa ni balaa.

Katika ukoo wetu pombe ya posa haipokelewi mpaka aliyeileta aionje kwanza mbele ya watu, ili ijulikane kwamba hana nia mbaya. Asipoonja yeye, anaweza kuonja baba yake. Hakuna wa tatu. Kijana akajaza kata ya kwanza, akaishika kwa mikono miwili, akasema, "Shikamooni wazazi wangu. Naomba radhi, mimi situmii. Nilimwahidi marehemu baba." Baba yake alifariki kijana akiwa bado anachunga ndama. Mzee Yiamat alijitolea kuonja, na kwa kweli alijitolea haraka mno, mkono ukiwa tayari umefika kwenye kata. Lakini kaka yangu mkubwa Sylvanus, ambaye ndiye mwenyekiti wa kikao, alimzuia. Mshenga si baba.

Hapo posa ilipaswa kufa. Pombe isiyoonjwa hurudi ilikotoka na aliyeileta huondoka nayo, na hakuna ugomvi. Namna ilivyovuka kizuizi hicho ni jambo la ndani ya ukoo na sipendi kukuchosha nalo. Itoshe kusema kwamba ilionjwa na mtu aliyekuwepo, na kikao kikaendelea.

3. Kuhusu majina.

Mbege inaitwa mbege. Hizi kokteli zako kila moja ina jina kama chama kipya cha siasa.

Ya kwanza katika orodha yangu kijana aliiita Kuba Huru. Ndugu Meneja, mimi nimeandamana kwa ajili ya Kuba. Nilikuwa balozi wa nyumba kumi, nilitoa watu majumbani asubuhi, tukatembea mpaka uwanjani na mabango tukipiga kelele hadi koo zikakauka kwamba Kuba iwe huru. Leo nakaa sebuleni kwangu naambiwa kwamba uhuru wenyewe ni ramu, kipande cha ndimu, na soda ya Wamarekani. Tungejua mapema tungepunguza mabango.

Ya pili ni Panchi ya Mkulima. Nimeishi na wakulima wa kahawa maisha yangu yote. Sijawahi kumwona hata mmoja aliyekaa chini akatiliwa ramu na maji ya chungwa katika bilauri, juu yake kikawekwa kimwavuli cha karatasi. Mkulima tunayemjua sisi hunyeshewa bila mwavuli wa aina yoyote, na kahawa yake ikifika mnadani ndiyo kwanza mvua inaanza. Kimwavuli chenyewe Sylvanus alikichomeka kwenye kofia, akaenda nacho kanisani kesho yake.

Ya tatu inaitwa Giza na Dhoruba. Chini soda ya tangawizi, juu ramu nyeusi, pembeni ndimu. Kuhusu hii sina la kusema. Jina linatisha kuliko kitu chenyewe. Nimeitaja ili orodha ikamilike.

Ya nne ni Zombi, yaani maiti inayotembea. Hiyo nilikataa katakata isitengenezwe ndani ya nyumba ya mzee wa kanisa. Kwa hiyo ilitengenezwa uani.

4. Kuhusu asili ya ramu yenyewe.

Nilimhoji kijana, akanijibu bila kuficha kwamba ramu hutokana na miwa, hasa molasi. Nikashtuka. Miwa tunayo, iko hapo Arusha Chini, na molasi tunawapa ng'ombe. Mtu wa Daraja Mbili akichukua molasi hiyo hiyo akaichachusha na kuichemsha, inaitwa gongo, na polisi wanakuja na gari. Lakini ikisafirishwa ng'ambo, ikalazwa ndani ya pipa miaka minane bila kufanya kazi yoyote, ikarudi ikiwa nyeusi na picha ya meli kifuani, inaitwa ramu na inapewa leseni. Soko huria nililielewa siku hiyo. Gongo ni ramu ambayo haijasafiri.

Sasa najiuliza, kama jirani yangu angeleta gongo kwenye posa, si tungemfukuza? Na kama tungemfukuza yeye, kwa nini huyu tulimwongezea kiti?

5. Kuhusu kipimo.

Hapa nakulaumu wewe binafsi, kwa sababu ni kosa la mafunzo. Kijana alikuja na kijikombe cha chuma mnachokiita toti. Kata ya kuonja ilipoisha, akapima humo ramu kidogo, kiasi cha dawa ya kikohozi cha mtoto, akataka kuwapa wazee. Ukoo ukanuna. Mtu hawezi kutoka Machame asubuhi, akapanda mabasi mawili, akaja kupewa toti. Kwetu pombe ya posa hunywewa kwa kata, na kata ikitoka kwa mzee mmoja hufika kwa mwingine ikiwa imejaa.

Kijana alijaribu kueleza. Alisema, "Wazee wangu, hii si kama mbege, hii ina nguvu." Kumwambia mzee wa Kichaga kwamba kinywaji kina nguvu kuliko yeye ni njia ya hakika ya kukimaliza. Sylvanus aliichukua ile toti, akaitazama kwa huruma, akaitia mfukoni mwa koti, nadhani bado iko huko na nitakurudishia. Tangu hapo ramu ilikwenda kwa kata. Tena sheria yetu inasema pombe ya posa haibaki. Ikibaki, maana yake hatukuridhika, na binti anakaa nyumbani. Mimi nilijitahidi ibaki. Nilikuwa peke yangu katika jitihada hizo.

6. Kuhusu akina mama.

Unajua baridi ya Julai inavyoshuka kutoka Meru. Kwa akina mama kijana alitengeneza kitu tofauti kabisa, ramu ya moto yenye siagi, sukari, mdalasini na karafuu, akaiweka ndani ya chupa kubwa za chai. Mke wangu Penina aliionja akasema ni chai nzuri ya viungo ila majani yamesahaulika. Wakaendelea kuinywa kama chai, na maandazi.

Chupa ya pili ilipoisha walikuwa wameshaimba nyimbo zote za Pasaka, ilhali tuko Julai. Ya tatu ilipoisha walikuwa wamepanga tarehe ya harusi, rangi ya vitambaa, nani atapika pilau, na nani hataalikwa. Mimi ndiye baba wa binti na nililetewa tarehe hiyo ikiwa imekwisha kupitishwa, kama bajeti.

7. Kuhusu kaka yangu Sylvanus.

Hili ndilo zito. Mimi na Sylvanus tuna vihamba, yaani viwanja vya migomba, vilivyopakana Machame, tulivyoachiwa na baba yetu, na mpaka wake ni mstari wa masale. Miaka kadhaa iliyopita masale yalitembea. Mmea hauna miguu, lakini yalitoka upande wake yakaja upande wangu hatua kadhaa, yakapita migomba yangu mizuri. Tangu hapo tukawa tunaonana misibani tu, na tukisalimiana tunaangalia viatu. Kwenye kikao cha posa alikuja kwa kuwa ni mkubwa wa ukoo na haikuwezekana vinginevyo.

Kata ilipozunguka mara ya pili ikafika kwake, akanywa, akanishika mkono. Sikumbuki maneno yote. Nakumbuka alisema baba angekuwepo angetuchapa wote wawili, na mimi nikalia, na yeye akalia, na Mzee Yiamat ambaye hata kihamba hana akalia. Akaapa mbele ya kikao kwamba masale yatarudi mahali pake. Tukanywa kata moja sisi wawili. Kwetu ndugu wakinywa kata moja wamepatana, na hakuna mahakama inayoweza kufungua tena kesi hiyo.

8. Kuhusu kanisa.

Jumapili mchungaji aliniuliza kwa nini mzee wa kanisa alisikika hadi barabara kuu akiimba sauti ya besi wakati yeye huimba sauti ya tenori. Nilimjibu kwamba tulikuwa na posa, na kwamba nilikunywa soda ya tangawizi yenye ndimu. Ukikipima kilichokuwemo kwa ujazo, nilisema kweli kwa sehemu kubwa. Amesema tutaongea.

MAOMBI

Kutokana na hayo yote, ninaiomba ofisi yako, kwa karatasi yenye nembo ya hoteli na mhuri, initolee yafuatayo:

(a) Cheti kwa ajili ya ukoo wangu, kinachothibitisha kwamba ramu nyeusi kitaalamu si pombe bali ni kiburudisho cha watalii. Nikishakipata, posa itakuwa haikuwahi kuletewa pombe, na kwa hiyo haikupokelewa.

(b) Cheti cha pili, kinachothibitisha kwamba kata ile niliyokunywa na kaka yangu Sylvanus ilikuwa na pombe halali, kali na ya kutosha, ili mapatano yetu yasimame na masale yarudi. Najua kata hii na zile za (a) zilitoka katika chupa moja. Ndiyo maana naomba vyeti viwili, wala si kimoja.

(c) Cheti cha tatu kwa mchungaji, kisichosema kama ni pombe au si pombe, ila kitaje tangawizi mara nyingi.

(d) Kijana Loserian asipewe ruhusa Jumamosi. Ninamaanisha Jumamosi yoyote ile, mwaka huu na miaka ijayo. Harusi zetu hufungwa Jumamosi, na bila bwana harusi nadhani hata akina mama watakwama. Mpandishe cheo ukitaka, mwongezee mshahara, mfanye mkuu wa kaunta zote za kaskazini, ila awe kazini. Ombi hili ndilo kubwa. Hayo mengine tunaweza kuzungumza.

Utauliza huyu mzee ana nini na kijana ambaye hanywi, hagombani, na amenawa mikono kabla ya kushika kata. Swali la haki. Aikande ndiye wa mwisho kwangu. Wenzake wamekwenda Dar na Mwanza, na wakipiga simu ni kuulizia mvua. Yeye ndiye hufunga duka na mimi jioni, husoma gazeti kwa sauti kwa sababu miwani yangu ni ya zamani, huruka kurasa za vifo nikiwa sijisikii vizuri akidhani sijui. Akienda, nyumba ya Lemara itabaki na mimi na Penina na redio. Sikupata namba ya kuipa sababu hii, kwa hiyo nimeiacha hapa chini ya maombi. Naogopa, Ndugu Meneja. Sharti la mbege lilikuwa njia ya kusema naogopa bila kusikika.

Kwa kuwa posta siku hizi barua hupotea, hii ataileta Loserian mwenyewe. Hupita dukani kila asubuhi akienda kazini kuniamkia, ingawa nimemwonyesha kwa uso kwamba si lazima. Hana habari na kilichomo. Nimemchagua kwa sababu katika mji huu wote sijui mtu mwingine ninayeweza kumpa bahasha inayomhusu nikawa na uhakika kwamba hataifungua.

Wasalimie wote hapo hotelini: mlinzi na glavu zake, wapishi, mama anayefua mashuka, na mwekezaji kama amekwisha fika nchini. Waambie watalii kwamba Mlima Meru nao upo, sio Kilimanjaro tu, na nasema hivyo nikiwa Mmachame, kwa gharama kubwa. Nabaki nikisubiri vyeti vyangu,

Wako katika ujenzi wa taifa lililobinafsishwa,

Ephraimu Munisi
Karani mstaafu, mzee wa kanisa, na baba wa binti

N.B. Nilikuwa sijaitia gamu bahasha, Aikande akaniletea chai dukani. Niliiacha barua mezani nikaenda kumpimia mteja misumari, na niliporudi alikuwa ameisoma yote. Nilisubiri makelele. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Baba, mbona hujaandika nani alionja?" Kisha akachukua kikombe kitupu akaondoka.

Basi niandike. Nilionja mimi.

Hakuna aliyenisukuma. Sylvanus alipokwisha kumkatalia mshenga, kijana hakubishana. Aliirudisha kata mezani taratibu, akaanza kukunja kile kitambaa chake cheupe, pembe kwa pembe, kama ambavyo angekikunja mbele ya mgeni yeyote. Aikande alikuwa mlangoni pa jikoni ameshika sinia. Hakulia. Aliniangalia mimi, wala hakumwangalia yeye. Nikajikuta nimesimama, kata iko mkononi mwangu, nimemeza. Ilikuwa ile Giza na Dhoruba. Sylvanus akatangaza kwa sauti, "Imeonjwa na baba yake," akaipokea kata, ikaanza kuzunguka.

Unaona nilichofanya. Kwa sheria ya ukoo wangu mwenyewe, ile ile niliyoifufua kumkwamisha, kijana huyu alikuwa mwanangu kabla hata hajapokelewa kuwa mkwe. Nilipokuwa najitahidi ramu ibaki, nilikuwa najitahidi kuharibu pombe ya mwanangu. Kwa hiyo namba 1 hadi 8 zifute. Vyeti (a), (b) na (c) usivitoe, Sylvanus amekwisha nunua jembe, na mchungaji nitamwambia kweli yote, pamoja na besi. Toti nitamnyang'anya kaka yangu nikuletee.

Kuhusu (d), naomba uigeuze. Akina mama wamechagua Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Mpe ruhusa siku hiyo na ya kabla yake, kwa maana atakuwa na kazi ya kutengeneza, na safari hii watakuja watu wengi.

Akikukabidhi bahasha hii leo, usimweleze kilichomo. Mwambie tu akitoka kazini apitie Daraja Mbili, baba yake anamwita.